Mgeni mkubwa akiondoka, hoteli inabaki na nani? Maneno juu ya uongozi wa hoteli Butembo na Beni



Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 na serikali ya Kivu ya Kaskazini ikahamia Beni kwa muda, kuna swali moja ambalo wadogo zetu hawaachi kuniuliza: "Yaya, hoteli za Beni zinajaa. Si ndiyo wakati wa kuingia mu ile kazi?" Ninawajibu: ndiyo, ingieni. Lakini mujue kwanza hoteli inauza nini, inamuuzia nani, na huyo mnunuzi atakaa mpaka lini. Juu hoteli nyingi za kwetu zinajua kumpokea mgeni mkubwa. Chache ndizo zinajua kuishi siku akishafunga mizigo yake.

Mimi nilianza kazi mapokezi, kisha nikahamia hesabu. Leo ninasaidia hoteli ndogo kupanga vitabu vyao, hapa Butembo na kule Beni, safari isiyofika kilometa 60. Ninayoandika hapa ni yale ninayoyaona ndani ya vitabu hivyo, pamoja na yale ambayo kila mtu wa huku ameyaona kwa macho yake.

1. Chumba si baloti ya nguo

Sisi watu wa Butembo tunajua biashara. Wazee wetu wanaleta bidhaa toka Dubai na Guangzhou, zinapita Mombasa, zinavuka Kasindi, zinafika hapa. Hiyo ni shule kubwa, hakuna wa kuidharau. Lakini mfanyabiashara akishajenga hoteli, mara nyingi anaiongoza kama depo yake. Baloti ya nguo isipouzwa leo, itauzwa Desemba. Chumba kisipouzwa usiku wa leo, ule usiku umekufa. Hakuna fasi ya kuuweka uuzwe kesho.

Ndiyo maana kitu cha kuhesabu si vyumba tu, ni usiku. Tuchukue mfano wa kubuni. Hoteli ina vyumba 20. Mwezi wa siku 30 unaipa usiku 600 wa kuuza. Meneja wa kwanza anaweka bei ya dola 30 na anauza usiku 240. Hoteli imejaa kwa 40%, na franga iliyoingia ni dola 7,200. Meneja wa pili anashusha bei mpaka dola 20, anauza usiku 420, yaani 70%, na anaingiza dola 8,400. Nani ameongoza vizuri?

Wengi watasema wa pili, juu ameingiza dola 1,200 zaidi. Ngojeni kwanza. Kila chumba kilicholaliwa kina gharama yake: sabuni, kufua mashuka, maji, chai ya asubuhi, mazuti ya jenereta. Kama gharama hiyo ni dola 4 kwa usiku mmoja, wa kwanza anabaki na 6,240, wa pili na 6,720. Wa pili bado yuko mbele, lakini kwa dola 480 tu. Kama gharama ni dola 7, wa kwanza anabaki na 5,520 na wa pili na 5,460. Hapo yule mwenye vyumba vitupu ndiye amemshinda mwenye hoteli iliyojaa!

Kwa hiyo, kabla ya kubishana juu ya bei, ulizeni: usiku mmoja wa chumba unatugharimu ngapi? Katika hoteli nyingi nilizoingia, hakuna aliyekuwa na jibu. Patroni anajua chumba ni dola ngapi na mazuti ya juma ni dola ngapi. Hajawahi kuviweka kwenye karatasi moja. Kama umemaliza masomo ya hesabu ama uongozi, kazi yako ya kwanza ni hiyo karatasi.

2. Mgeni mkubwa amebadilika mara ngapi?

Tuangalie historia yetu kidogo, juu ndiyo inaeleza tabia yetu ya leo.

Zamani za Zaire, mgeni wa huku alikuwa mtalii na msafiri wa barabara. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Watalii walitoka Goma, wakapita mbugani, wakafika Beni, wakaendelea kwenda kutazama okapi kule Epulu, ama wakapanda Ruwenzori kutokea Mutsora. Vita vya miaka ya 1990 vikakata ile njia. Tangu 1994 Virunga iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Mtalii akatoka, wakaingia watu wa vita na watu wa amani: viongozi wa makundi, kisha walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Riposte ikafika na madaktari, madereva, watu wa usafirishaji, watu wa mawasiliano. Hoteli zikajaa. Vyumba vya kulala vikageuka ofisi. Waliokuwa na nyumba nzuri wakazipangisha kwa mashirika. Ugonjwa ule ulishika watu 3,470 na ukaua 2,287, tusisahau kamwe. Lakini mu vitabu vya hoteli, miaka ile inaonekana kama mavuno.

Na mavuno yale yalikuwa juu ya udongo mwepesi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, vikachomwa moto, na MSF ikasimamisha kazi yake pale. Aprili mwaka ule, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa ndani ya hospitali hapa Butembo. Tarehe 25 Juni 2020 mwisho wa ugonjwa ukatangazwa. Wakati huo Covid ilikuwa imekwisha kufunga mipaka, na dunia nzima safari za kimataifa zilianguka kwa zaidi ya 70% mwaka ule. Aliyekuwa amejenga ghorofa la pili kwa mkopo, akihesabu kwamba Riposte itadumu, alibaki na vyumba na deni.

Kisha ikaja hali ya dharura ya kijeshi tarehe 6 Mei 2021, likaja jeshi la Uganda mwishoni mwa mwaka uleule, na sasa serikali ya jimbo na wale wote wanaoifuata. Hesabu wenyewe: mtalii, mwanajeshi, shirika, Riposte, serikali. Kila mmoja alipofika tulisema huyu ndiye wa kudumu.

3. Hatari ya kumtegemea mmoja

Mgeni mkubwa akija na vyumba 15 kwa miezi mitatu, kila patroni anafurahi. Mimi pia ningefurahi. Lakini anakuja na mambo matatu.

La kwanza, analipa kwa kuchelewa. Shirika ama ofisi ya serikali inataka faktire, mihuri, sahihi, halafu franga inaingia baada ya miezi miwili. Mazuti na mishahara havingoji miezi miwili. Niliona hoteli imejaa kabisa na wakati huohuo inakopa likirimba ili ilipe wafanyakazi. Kujaa si sawa na kuwa na franga.

La pili, anapandisha bei na anafukuza mgeni mdogo. Mfanyabiashara anayetoka Bunia ama Kisangani, anayelala usiku mbili kila mwezi na kulipa mkononi, akifika anaambiwa bei imekuwa mara mbili ama hakuna fasi. Anatafuta nyumba ya kulala wageni kando ya soko, anazoea kule. Mgeni mkubwa akiondoka, yule mdogo harudi.

La tatu, anabadilisha hoteli yenyewe. Ukumbi unageuka ofisi, jiko linapika chakula kimoja kila siku, na watu wa mtaa wanasahau kwamba pale waliwahi kufanya sherehe ya ndoa.

Dawa yake si kumkataa. Dawa ni masharti. Moja: mteja mmoja asichukue zaidi ya nusu ya vyumba, hata akiomba vyote. Mbili: kila mkataba uwe na malipo ya mbele na tarehe ya kulipa iliyoandikwa. Tatu: kila mwezi mzuri, sehemu ya faida iwekwe kando kwa ajili ya mwezi mbaya, na sehemu hiyo isiguswe kwa ujenzi. Nne: wageni wadogo wa kila mwezi wawe na bei yao iliyolindwa. Masharti haya ni rahisi kuyaandika na ni magumu kuyatetea mbele ya patroni anayeona dola mezani. Kuyatetea ndiyo kazi ya meneja.

4. Gharama: mazuti, maji, sahani

Miji yetu haikuunganishwa na umeme wa Inga. Kwa miaka mingi tumeishi na jenereta. Umeme wa maji wa Virunga, ulioanza na mtambo mdogo wa Mutwanga mwaka 2013 kabla ya mitambo mikubwa ya Matebe na Luviro, pamoja na mashirika mengine ya umeme, umebadilisha mengi katika jimbo. Hata hivyo hoteli nyingi bado zinaweka jenereta pembeni. Trendi ninayoipenda ni ya sola: si kuendesha hoteli nzima, ila taa, intaneti na kuchaji simu usiku. Jenereta ikizimwa saa nne za usiku na mgeni asione giza, hoteli imeokoa mazuti na mgeni amelala bila kelele.

Kwenye sahani tuko na bahati ambayo hatuitumii. Lubero wanalima viazi, ngano na mboga. Kyavinyonge na Vitshumbi kuna samaki wa ziwa Edward. Milima yetu inatoa kahawa ya arabika, upande wa Beni kuna kakao, na Mutwanga kuna kiwanda cha chokoleti. Lakini mu hoteli nyingi asubuhi mgeni anapewa kahawa ya unga ya kopo kutoka nje! Anayenunua kwa mkulima wa jirani hapunguzi gharama tu. Anafunga urafiki na mtaa, na mtaa ndio utakaokuja kula kwake siku mashirika yakiondoka. Shida ni kwamba ugavi huo unategemea barabara. M23 walipochukua Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na kusogea upande wa Lubero, masoko yetu yaliona mara moja. Basi usiwe na muuzaji mmoja tu, kama vile usivyopaswa kuwa na mteja mmoja tu.

5. Watu

Hapa ndipo ninapotaka tusome polepole.

Katika hoteli zetu, mtu anayemwona mgeni kwanza na mwisho ni yule anayelipwa kidogo kuliko wote: mlinzi, dada wa vyumba, kijana wa mapokezi. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Akijifunza kazi, anaondoka kwenda kwenye shirika, na hoteli inaanza tena na mtu mpya. Patroni anasema, "nikimfundisha ataondoka." Ni kweli. Na usipomfundisha, akibaki? Kenya walilijibu swali hili kwa pamoja: mwaka 1975 walifungua Chuo cha Utalii pale Nairobi, na tozo ndogo iliyokatwa kwenye malipo ya hoteli na mikahawa ikasaidia kukibeba. Hoteli moja haiwezi kufundisha sekta nzima. Hoteli kumi za Beni na Butembo zikikubaliana, zinaweza kumlipa mwalimu mmoja kwa miezi mitatu. Vyuo tuko navyo, wahitimu tuko nao. Kinachokosa ni makubaliano.

Kuna pia jambo zito zaidi. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono wakati wa Riposte, huku kwetu na Ituri. Ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 waliajiriwa na OMS yenyewe. Wanawake walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi, ama kutishwa kuipoteza, ili wakubali. Hiyo ripoti haipaswi kusomwa na watu wa afya peke yao. Mgeni mkubwa anayelipa vyumba 15 ana nguvu juu ya dada anayesafisha vyumba hivyo. Patroni akifumba macho kwa kuogopa kupoteza mkataba, hoteli imemuuza mtu wake.

Kwa hiyo, meneja wa kweli anaandika: hakuna mfanyakazi anayeitwa peke yake chumbani usiku, usafi unafanyika mlango wazi na kwa watu wawili inapowezekana, mahali pa kulalamika pako nje ya mamlaka ya msimamizi wa karibu, na mkataba na mteja unasema wazi kwamba mgeni akimdhalilisha mfanyakazi, anatoka. Masharti haya hayahitaji fedha za mfadhili. Yanahitaji patroni atie sahihi.

6. Usalama ni kazi ya huduma pia

Siku ya Krismasi 2021, mtu mwenye bomu alijilipua mlangoni mwa mkahawa wa Inbox, katikati ya Beni, na watu wakafa. Kwa maelezo ya wakuu wa jimbo, walinzi ndio waliomzuia asiingie ndani, ambako watu walikuwa wengi. Kumbukeni hili kila mara munaposikia mtu akisema "ni sentinele tu". Mlinzi anahitaji mshahara, mafunzo na mtu wa kumpigia simu.

Ebola nayo ilituachia desturi njema: ndoo za maji na sabuni mlangoni, kupima joto, kusafisha vitasa. Nyingi zimepotea. Fasi ambayo zimebaki, wageni wanaona. Usafi unaoonekana ni tangazo lisilolipiwa.

7. Mambo mapya yanayokuja

Malipo kwa simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money vinapunguza franga ya mkononi mapokezi, na vinapunguza pia kishawishi cha wizi. Lakini namba ya kupokea malipo iwe ya hoteli, si ya kaka wa patroni. Nimeona hoteli ambayo mapato ya mwezi yalikuwa mu simu tatu tofauti.

WhatsApp na ramani ya Google. Mitandao mikubwa kama Booking.com inakata kamisheni, kwa kawaida karibu 15% ya bei. Kwa mgeni anayetoka mbali inaweza kufaa. Lakini mgeni wetu mkubwa wa kesho anatoka Bunia, Kisangani, Kasese, Kampala. Huyo anatafuta namba ya simu, picha za kweli na jibu ndani ya dakika kumi. Kijana mmoja anayejibu WhatsApp vizuri anaweza kushinda tangazo la redio.

Nyumba za kupangisha kwa juma ama mwezi. Familia nyingi zilizokimbia vita na wafanyakazi waliohamishwa hawataki chumba cha hoteli, wanataka jiko na uani. Hoteli yenye vyumba vitupu inaweza kugeuza viwili vitatu kuwa hivyo.

Sherehe na mikutano ya mtaa. Ndoa, ubatizo, kutetea kazi za mwisho chuoni, mikutano ya vyama. Hii ni franga ya wenyeji, na wenyeji hawamalizi mkataba wakaenda.

Na utalii je? Upande wa pili wa Ruwenzori, Uganda inapokea wapandaji wa mlima uleule. Sisi tutaupata tena amani ikirudi, na hakuna meneja anayeweza kuileta amani peke yake. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba siku ile ikifika, hoteli bado iko wazi na ina watu wanaojua kazi.

Basi muanzie wapi?

Ukipata kazi hata ya mafunzo katika hoteli, omba vitabu vya miezi 12 iliyopita. Tafuta namba nne: usiku mangapi yameuzwa, kwa bei gani ya wastani, usiku mmoja unagharimu ngapi, na mteja mkubwa kuliko wote anashika sehemu gani ya mapato. Ziandike kwenye ukurasa mmoja, umpelekee patroni kwa heshima, bila kumfundisha biashara yake. Namba ya nne ikiwa zaidi ya nusu, muulize swali moja tu: "Patroni, hawa wakiondoka mwezi ujao, tutalipa mishahara ya miezi mingapi?" Akinyamaza akiwaza, hapo kazi yako imeanza.

Beni imejaa leo. Walioko kazini mule ndani, wapishi, walinzi, dada wa vyumba, wanalisha nyumba nyingi. Uongozi mzuri ni ule utakaowakuta bado kazini siku ambayo serikali itakaporudi Goma, siku ambayo sisi sote tunaiombea.